Chini ya Msitu wa Pugu

Mapango ya Pugu hayakuchongwa na maji. Amboni, kule Tanga, ni jiwe la chokaa lililoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka. Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ni pango la namna hiyohiyo, na humo wanaakiolojia walikuta kaburi la mtoto mdogo aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Habari yake ilitangazwa mwaka 2021, na dunia nzima ikaisikia. Ya Pugu ni ya juzi tu. Yalichimbwa na watu waliofuata udongo mweupe, watu wakaondoka, popo wakaingia. Wapo wanaoyapuuza kwa sababu hiyo, wakisema ni mashimo ya mgodi. Mimi niliyatamani kwa sababu hiyohiyo.

Nilianzia Pangani, siyo ile ya Tanga, kwenye mlango wa mto, bali kata ya Pangani katika mji wa Kibaha, anakoishi shangazi yangu. Alfajiri alikuwa ameshawasha jiko, chai ya tangawizi inachemka, na gunia la mkaa limeegemea ukuta wa jiko la nje. "Mwanangu, popo wote hawa wanaomaliza maembe yangu hujawaona, mpaka uwafuate Kisarawe?" aliniuliza. Lakini wakati anasema hayo alikuwa ameshatufungia mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko, mimi na binamu yangu, mwanawe wa mwisho, aliyekubali kunisindikiza.

Kibaha na Kisarawe ni majirani. Msitu wa hifadhi wa Ruvu Kusini umelalia wilaya zote mbili, na ukiutazama kwenye ramani utadhani ni suala la kukatiza tu. Njia ya magari inakupeleka kwanza Dar es Salaam, ndipo ikurudishe tena Mkoa wa Pwani. Bodaboda hadi Mailimoja, daladala hadi Mbezi, nyingine ya kupitia Kinyerezi, halafu Gongo la Mboto, halafu Pugu. Pale Kajiungeni njia zinagawanyika: moja inaelekea Chanika, nyingine inaanza kupanda kwenda Kisarawe. Hapo ndipo nilipofungua dirisha. Kwa wanaotoka mjini wakati wa joto, ule mpando ni faraja; vilima hivi vinafikia karibu mita 300 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake ni tofauti.

Pugu imebeba mambo mazito kuliko yanayoonekana dirishani mwa daladala. Wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walijenga kituo chao cha kwanza hapa mwaka 1888. Januari 1889 kikachomwa moto na baadhi yao wakauawa, wakati watu wa pwani ya Mrima walipoinuka dhidi ya Wajerumani chini ya Abushiri bin Salim, ambaye mwisho wa mwaka huo alinyongwa Pangani, ile ya Tanga. Na hapa Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha, katika Chuo cha St Francis, baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. TANU ilizaliwa Julai 1954 yeye akiwa bado mwalimu wa shule hiyo, na safari za kwenda mjini kwenye shughuli za chama alizifanya mara nyingi kwa miguu. Alijiuzulu ualimu Machi 1955. Nilimwonyesha binamu yangu upande ilipo shule, naye akainua kichwa kutoka kwenye simu yake na kutazama mpaka miti ilipoificha.

Ofisini Kisarawe tulilipa ada ya kuingia kwa namba ya malipo iliyotumwa kwenye simu, tukapewa mwongozaji. Alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa hapohapo, mwenye sauti ya chini na macho yanayotazama ardhini zaidi kuliko mbele. "Dada, viatu vyako vinafaa. Kaka, wewe suruali iingize ndani ya soksi. Siafu hawajui mgeni."

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilitengwa kuwa hifadhi mbili katika miaka ya 1950. Leo zimeunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ukiwa umeuzoea msitu wa milimani, wa Usambara au Uluguru, huu utakushangaza kwa ufupi wake. Miti si mirefu sana, imeshikamana, imefungwa kamba za mimea inayotambaa, na chini yake vichaka vimejaa kiasi kwamba hatua mbili nje ya njia unapotea. Lakini uzee wake ni mkubwa. Wanasayansi wanasema misitu hii ya pwani, iliyobaki vipande vipande kutoka Somalia hadi Msumbiji, ni mabaki ya ukanda wa msitu uliowahi kuungana na ule wa Kongo mamilioni ya miaka iliyopita, kabla bara halijakauka katikati. Kila kipande kikabaki na viumbe wake. Ipo mimea ambayo katika vitabu vya wanabotania inabeba jina la kilima hiki: Baphia puguensis, Millettia puguensis. Mwongozaji alitusimamisha mbele ya kijiti kimoja cha jamii ya kunde, kisichozidi urefu wa binamu yangu, akasema mimea ya aina hii watu huja kuitazama kutoka ng'ambo. Sikuwa na utaalamu wa kuthibitisha kama ndicho chenyewe. Niligusa jani lake, nikaendelea.

Aliyenikamata zaidi ni msandarusi. Ulikuwa mmoja, umenyooka, gome lake limetoa utomvu uliokauka kuwa tone la rangi ya asali. Katika karne ya 19, kabla ya mkonge na korosho, sandarusi ilikuwa moja ya mali kubwa za Uzaramo, nchi hii ya Wazaramo. Iliyo bora haikugemwa mtini. Ilifukuliwa ardhini, mahali ambapo msandarusi ulikufa zamani sana, hata hapakuwa tena na kisiki. Wazaramo waliichimba, madalali wakaishusha pwani, ikavuka hadi Unguja, na kutoka Unguja wafanyabiashara wa Kimarekani wakaipakia kwenda Salem, Massachusetts, ambako ilisafishwa na kuuzwa kwa watengenezaji vanishi. Kinanda na gari la farasi kule New England ving'ae kwa utomvu wa msitu uliokufa Uzaramo! Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Vilima hivi vimekuwa vikitoa kitu kwa ajili ya watu wa mbali tangu zamani: sandarusi, kisha mbao za mvule na mkongo, kisha udongo mweupe, kisha mkaa. Aliyechukua hakukaa kutazama pengo aliloacha.

Kima walitupigia kelele kutoka juu. Hondohondo wawili walipita na ule mvumo wa mbawa zao unaosikika kabla hujawaona. Sange alikatiza njia kwa kasi, pua yake ndefu imetangulia, akazama kwenye majani makavu. Yupo mwingine ambaye mchana hutamwona: komba wa Rondo, aliyepewa jina la nyanda za Rondo mkoani Lindi, na ambaye wanasayansi walimtambua rasmi kuwa aina ya peke yake mwishoni mwa miaka ya 1990. Ana uzito wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wote wanaojulikana, na anaishi Tanzania tu, katika misitu michache inayohesabika, Pugu na Kazimzumbwi ikiwa miongoni mwake. "Usiku unamsikia kwanza," mwongozaji alisema. "Ukimmulika unaona macho tu." Fikiria: mnyama asiyeishi popote pengine duniani analala mchana kwenye kiota chake juu ya mti, na mlio wa ndege zinazotua Uwanja wa Julius Nyerere unamfikia.

Katika bonde la kwanza tulivuka kijito. Kilikuwa chembamba, kinapita juu ya mchanga mweupe, maji yake ni ya kuonea vidole. Ni vijito vya vilima hivi vinavyokusanyika kuwa Mto Msimbazi. Kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua Msimbazi, lakini anaujua ukiwa Jangwani, siku za masika, unapofunga barabara na kuingia vyumbani kwa watu. Nilichota maji nikanawa uso. Tunapougombeza mto huu kule chini, tunausema kama vile umetokea hewani. Unatokea hapa, chini ya majani haya yanayoipunguzia mvua kasi na kuiachia ardhi iinywe polepole. Panapokatwa miti huku, maji hayasubiri.

Na miti imekatwa. Baada ya bonde lile msitu ulifunguka ghafla, tukajikuta kwenye uwanda wa vichaka vilivyochipua juu ya visiki. Pembeni kulikuwa na duara jeusi ambapo hata majani hayajaota vizuri. Mwongozaji alilikanyaga kwa ncha ya kiatu. "Hili ni tanuri la zamani. Hapa walichoma magogo wiki nzima." Alieleza jinsi yanavyopangwa, yanavyofunikwa kwa majani na udongo, yanavyowashwa kutoka tundu moja na kuzibwa ili yaungue bila kuwaka moto. Mchomaji hulala jirani, kwa sababu udongo ukibomoka na hewa ikaingia, kazi yote inageuka majivu. Ni kazi ngumu, yenye moshi, na anayeifanya hapati sehemu kubwa ya bei unayolipa wewe mjini.

Mwaka 2010 kundi la watafiti lilichapisha uchunguzi wa misitu inayoizunguka Dar es Salaam, wakaeleza uharibifu kuwa unatoka mjini kwa mawimbi. Wimbi la mbao za thamani linatangulia mbali, la mkaa linafuata nyuma. Mwaka 1991 ukingo wa wimbi la mkaa ulikuwa kama kilomita 20 kutoka mjini. Mwaka 2005 ulikuwa umefika kilomita 50. Pugu iko ndani ya umbali huo. Maana yake ni kwamba wimbi limeshaupitia msitu huu, likauacha nyuma, na tunachokitembelea leo ndicho kilichosalia baada ya mji wa mamilioni ya watu kupika wali wake. Akilini nililiona gunia la shangazi limeegemea ukuta. Sina la kumlaumu mwanamke aliyelea watoto sita kwa jiko moja. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na ninaliombea lengo hilo kwa moyo wote, kwa ajili ya mapafu ya shangazi na kwa ajili ya uwanda ule wa visiki. Lakini mtungi wa gesi unataka fedha ya mkupuo. Mkaa unauzwa kwa kopo, na aliye na shilingi za kopo moja leo hataweza kungoja hadi 2034.

Tuliingia eneo la mgodi saa kumi alasiri. Rangi ilibadilika kwa hatua moja: kutoka weusi wa udongo wa msitu hadi weupe unaoumiza macho. Kingo zilizochongwa na chepeo na mvua zinapanda pande zote, nyeupe kabisa, zina michirizi ya waridi na njano. Hii ndiyo kaolini. Ni udongo unaotokana na madini ya felspa yaliyooza kwa maji kwa muda mrefu sana, na hutumika kutengeneza vyombo vya kauri, vigae, karatasi, rangi na hata dawa. Hazina ya Pugu ni kubwa, na Wajerumani waliigundua mwanzoni mwa karne ya 20. Niliisugua kati ya vidole. Ni laini, inateleza, na haitoki kwenye kucha kwa urahisi.

Mbele yetu kulikuwa na mlango wa handaki la reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, na kufikia mwaka 1907 treni ilikuwa inafika Morogoro. Mwongozaji alitueleza kwamba njia ya kwanza ilipita hapa, ikahamishwa baadaye ili udongo mweupe uchimbwe. Mataruma hayapo, vyuma havipo. Limebaki handaki lenyewe, la urefu wa mita 100 hivi, lililotobolewa na vibarua wa Kiafrika ambao majina yao hakuna jiwe lililoyaandika. Tulipita katikati yake tukiona duara la mwanga upande wa pili. Sauti ya hatua zetu ilitangulia na kurudi. Niliweka kiganja ukutani pale alama za sururu zilipokuwa bado wazi, alama moja moja, kila moja ni pigo la mkono wa mtu. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko mwongozaji alivyopanga. Reli ya leo, ile ya kisasa ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina stesheni yake Pugu pia, na wanaopanda wanafika Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Wale waliotoboa hapa walikwenda hatua kwa hatua, kwa mwanga wa taa, huku vilima viko juu ya vichwa vyao.

Upande wa pili kuna vichaka vizito, kisha midomo ya mapango. Kabla ya kuikaribia, mwongozaji alitugawia barakoa. Niliivaa bila kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimesoma habari za pango la Python katika msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda. Mtalii wa Kiholanzi aliingia humo mwaka 2008, akarudi kwao, akafa kwa virusi vya Marburg. Mmarekani aliyeingia katika pango hilohilo miezi michache kabla yake aliugua akapona. Humo walikaa popo wala matunda wa mapangoni, na virusi hivyo hutokana nao. Sisi wenyewe tumeuona ugonjwa huo mkoani Kagera, mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Kinyesi cha popo pia huotesha kuvu ambayo vumbi lake, likivutwa, linaumiza mapafu. Hayo si mambo ya kumfanya mtu awachukie popo au achome moto pangoni mwao. Ni mambo ya kumfanya mgeni akae mlangoni, asiguse, asiwakurupushe, akanawe mikono akitoka. Mwongozaji alilisema kwa maneno machache: "Humu ni kwao. Tunapiga hodi, hatuingii chumbani."

Tuliingia hatua chache tu, mpaka mahali ambapo mwanga wa nje bado unakuonyesha miguu yako. Joto lilitupokea kwanza, joto zito lenye unyevu, kisha harufu kali ya kinyesi inayopenya barakoa na kukaa kooni. Sakafu ilikuwa laini. Mwongozaji alifunika tochi kwa kitambaa chekundu, akaielekeza juu kwa sekunde chache. Dari lilikuwa hai. Popo wadogo, mwili wa kila mmoja haufiki urefu wa kidole, wamening'inia kwa mamia wakigusana, na ule mwanga hafifu ulipopita juu yao, masikio yaligeuka kwa pamoja. Wengine walikuwa wamefungasha watoto kifuani. Popo wa namna hii huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Panya angejaza nyumba kwa muda huo. Ndiyo maana pango likivurugwa wakati wa kulea, na mama wakaruka watoto wakaanguka, hasara yake haifidiwi mwaka unaofuata.

Tulitoka tukakaa juu ya gogo, tukala mihogo ya shangazi baada ya kunawa kwa maji ya chupa. Nilimuuliza mwongozaji kama wazee wa hapa wana masimulizi juu ya mapango haya. Alitikisa kichwa. Pango la heshima kwa Wazaramo, alisema, liko mbali, ni Kolelo, kule milima ya Uluguru, ambako mababu walipeleka maombi ya mvua. Na ni kweli: mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipokuwa vinapamba moto, neno lililopita Uzaramo lilipita kwa jina la Kolelo. Pango la Pugu halina mzimu. Lina umri wa babu wa mtu. "Lakini wanangu nawaambia lina wenyewe," aliongeza, "na wenyewe ndio hao."

Saa kumi na mbili kasoro, mmoja alitoka. Alizunguka mara mbili mlangoni akarudi ndani. Kisha wakatoka watatu, kisha kumi, kisha sikuweza tena kuhesabu. Walimiminika kwenye mdomo wa pango kama maji ya bomba lililopasuka, wakipita juu ya vichwa vyetu kwa upepo tu, bila kutugusa hata mmoja. Sauti zao nyingi sikio la binadamu halizisikii. Mwaka 1938 ndipo Donald Griffin, mwanafunzi wa Harvard, alipofaulu kuzinasa kwa chombo, na miaka michache baadaye ikathibitika kwamba popo anaona gizani kwa kusikiliza mwangwi wa mlio wake mwenyewe. Kwa hiyo pale nilipodhani pana ukimya, palikuwa na kelele kubwa, maelfu ya milio inayopishana, na kila popo akiutambua wa kwake. Binamu yangu alikuwa ameinua simu apige picha. Aliishusha akatazama kwa macho. Juu ya miti kipanga mmoja alikuwa akiwavizia, akajirusha katikati yao, akatoka na mmoja makuchani. Wengine hawakubadili njia.

Walielekea wapi? Msituni kwanza, na juu ya mashamba ya mikorosho na mihogo, na bila shaka wengine hadi kwenye taa za mji. Popo mmoja mla wadudu anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito unaokaribia nusu ya uzito wake, na mama anayenyonyesha hula zaidi. Zidisha kwa wale waliotupita. Nondo ambao viwavi wao wanatoboa mahindi, mbawakawa, mbu: kazi hiyo inafanywa kila usiku na hakuna anayeilipia. Asubuhi wanarudi na kuacha kinyesi pangoni, na humo wanaishi mende, tandu na wadudu wengine wasioona jua maisha yao yote. Hili ndilo nililokuwa nalitafuta bila kulijua jina. Sandarusi iliondoka, mbao zikaondoka, udongo ukaondoka na kuacha tundu. Popo ndio wa kwanza kulijaza. Na hawawezi kuishi kwa tundu peke yake. Wanahitaji miti ya kuwindia, wadudu wa kuwinda, kijito cha kunywa. Mtu anaweza kulizungushia pango ukuta na mlango wa chuma, na bado popo wakaisha, ikiwa msitu ulio juu yake umegeuka kuni.

Tulirudi kwa njia fupi, tochi zimemulika miguuni. Nilimuuliza mwongozaji, kwa upole, nyumbani kwake wanapikia nini. Hakuchukia.

"Mkaa, dada. Mama yangu hajui kingine. Mimi nikitoka hapa na magwanda haya, napita kwa jirani kununua kopo. Najua umetoka wapi, naye anajua kwamba najua."

"Na wanaochoma, mkiwakamata?"

"Wengine ni watu niliosoma nao. Mwaka jana tulimkuta mmoja na baiskeli, gunia tatu. Aliniita jina. Nilifanya kazi yangu. Lakini baadaye nilikwenda kwa mkewe, nikamwambia kuna kikundi cha vijana kinaanzisha bustani ya miche, wamchukue akitoka. Akachukuliwa. Sasa hivi ndiye anayejua kuliko wote namna ya kuotesha mkongo, kwa sababu mbegu zake ngumu, lazima uzikwaruze kwanza upande mmoja ndipo ziloweshwe."

Binamu yangu, aliyekuwa kimya tangu popo walipotoka, aliuliza kama mvule nao wanaotesha. Mwongozaji alisema mvule ni mgumu, mbegu zake ni ndogo sana na miche yake hushambuliwa na wadudu wanaovimbisha majani, lakini wanayo michache, na wanataka mikono mingi zaidi mvua za masika zikianza, kwa sababu mche ukichelewa kushikwa na mvua za kwanza haufiki Juni. Wanapanda pale kwenye uwanda wa visiki tulioupita. Anayekuja aje na jembe lake na chakula chake. Fedha ya kumlipa hakuna.

Stendi ya Kisarawe ilikuwa bado ina watu, chipsi zinakaangwa, daladala ya mwisho ya Gongo la Mboto inaita. Binamu yangu alikuwa amesimama chini ya taa ya duka akiandika namba ya mwongozaji kwenye simu yake, na akimuuliza kama Machi ni mapema mno.